Mbu wa Mchana na Maji Tunayoyaweka Ndani

Ukiumwa na mbu saa tatu asubuhi ukiwa mezani unakunywa chai, usimpuuze. Mbu anayeeneza malaria hutafuta damu usiku, watu wakiwa wamelala. Huyu anayekufuata mchana, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni na michoro myeupe mgongoni, anayependa kuuma kwenye kifundo cha mguu, ni Aedes aegypti. Ndiye mbebaji mkuu wa virusi vya dengi, chikungunya na Zika, na mijini ndiye anayeeneza homa ya manjano. Chandarua ulichopewa kliniki hakimzuii, kwa sababu anapokuja wewe hauko kitandani.

Tumefundishwa miaka mingi kupambana na mbu wa malaria, na tumefundishwa vizuri: kulala ndani ya chandarua, kufukia madimbwi, kufyeka majani. Tatizo ni kwamba mbu wa mchana tunamkabili kwa silaha zilezile, halafu tunashangaa dengi inaporudi. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2010, ukaja mkubwa zaidi 2014, na mwaka 2019 watu zaidi ya 6,000 walithibitishwa kuugua nchini Tanzania, wengi wao wakazi wa jiji hilo. Mombasa ilipata dengi 2013, na kuanzia mwishoni mwa 2017 ikapambana na chikungunya. Wala si ugonjwa mgeni kwetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika juu ya mlipuko wa kidingapopo, yaani dengi, wa mwaka 1870, na watu wa mji walikumbuka mwingine wa 1823. Kwa jinsi alivyoeleza maumivu ya viungo, watafiti wengi wa leo wanaona huenda ule wa 1870 ulikuwa chikungunya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ingawa mji wowote wenye joto na maji ya mgao unahusika. Mandera, mbali kabisa na bahari, ilipata chikungunya mwaka 2016.

Anakozaliwa

Sahau kinamasi. Sahau hata mtaro wa maji machafu. Wale wanaotoka huko usiku na kukupigia kelele sikioni ni mbu wengine, Culex, na kero yao ni ya namna yake. Aedes anataka chombo: pipa, jaba, ndoo, mtungi, tairi, kopo, kifuu cha nazi, kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Anataka maji yaliyotulia, safi kiasi, yenye kivuli. Yaani anataka hasa vile vyombo ambavyo mama mwenye busara ameviweka uani ili watoto wasikose maji.

Pale Rabai, nje kidogo ya Mombasa, watafiti wamewakuta mbu hawa wa namna mbili wakiishi karibu karibu. Wapo wa msituni, wanaotaga kwenye matundu ya miti na kupendelea damu ya wanyama. Na wapo wa nyumbani, waliozoea kutaga kwenye mitungi ya maji ndani ya nyumba na kuifuata harufu ya binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hawa wa nyumbani hata hisia yao ya kunusa imebadilika ili imtambue mtu. Afrika ndiyo asili ya mbu huyu. Kwa meli, ndani ya mapipa ya maji ya mabaharia, alisambaa hadi Amerika na Asia. Kilichomfuga ni maji tunayoyaweka.

Lamu ilitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 chikungunya ilikiingia kisiwa hicho, na vipimo vya damu vilivyochukuliwa baadaye vilionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Lililowashangaza wataalamu ni hali ya hewa. Haikuwa masika ya mafuriko. Ulikuwa ukame na joto kali. Maji yalipokuwa haba, watu waliyahifadhi muda mrefu bila kumaliza chombo na kukiosha, na joto likaharakisha ukuaji wa mbu na wa virusi ndani ya mbu. Kutoka pwani ya Kenya ugonjwa ukavuka hadi Komoro, na kufikia 2006 kisiwa cha Réunion kilikuwa kimeona takriban theluthi moja ya watu wake wakiugua.

Kwa hiyo kama umezoea kusubiri mvua ndipo uanze kujihami, badili kalenda. Mvua hujaza makopo na matairi, ukame huyafanya majaba yakae yamejaa. Misimu yote miwili inamtosha.

Siku moja kila wiki

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto letu, ni kama siku saba hadi kumi. Ndiyo maana ratiba ya kupambana naye ni ya wiki. Chagua siku isiyobadilika, tuseme Jumamosi asubuhi, na mpe kila mtu wa nyumba eneo lake, watoto wakiwemo. Macho yao ni makali na wanaipenda kazi hii kuliko unavyodhani.

Chukua tochi na bakuli jeupe. Funua pipa taratibu bila kulitikisa, kisha mulika maji. Viluwiluwi vikiwepo utaviona vimening'inia juu, kichwa chini, vikipumua kwa upande wa mkia. Kivuli cha mkono wako kikipita tu, vinajikunja na kuzama. Subiri dakika moja, vitapanda tena kutafuta hewa. Hapo chota kwa bakuli. Kwenye weupe wake hata vile vichanga kabisa, virefu milimita moja au mbili, vinaonekana vikijipinda. Ukiona vifupi, vilivyopinda, vyenye kichwa kikubwa, hao wamebakiza siku moja au mbili waruke.

Wengi wakishaona hivyo humwaga maji, husuuza pipa na kulijaza upya, na baada ya wiki viluwiluwi vimerudi. Sababu iko ukutani mwa pipa. Jike hatagi mayai ndani ya maji. Huyabandika moja moja kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya usawa wa maji. Ni meusi, madogo kama chembe za masizi, na yameshika kiasi kwamba maji ya kusuuzia hayayang'oi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakiwa bado hai. Siku ukijaza pipa na maji yakayafunika, yanaanguliwa. Unaweza hata kuhama nyumba na pipa lako tupu, kavu, ukahama nayo.

Kwa hiyo neno la kushika katika mwongozo huu ni kusugua. Tumia brashi ngumu na sabuni, zungusha ndani pande zote, na ukazie ule mstari unaoonyesha maji yalikuwa yamefika wapi. Ipo pia njia iliyoenezwa na akina mama wa El Progreso, Honduras: changanya dawa ya klorini ya kufulia na sabuni ya unga, paka mchanganyiko huo ukutani juu ya usawa wa maji, acha kama robo saa, ndipo usugue. Klorini huua mayai. Maji ya kusuuzia yamwage kwenye mchanga mkavu wenye jua.

Najua jibu litakalotolewa: maji tumenunua kwa mkokoteni, nimwage vipi? Usiyamwage. Yachuje kwa kitambaa kwenda kwenye ndoo nyingine, yatumie kufulia au kudekia, na chombo kikishakuwa tupu kisugue. Panga matumizi ili kila chombo kifike chini angalau mara moja kwa wiki. Kosa la kawaida ni kuwa na mapipa manne na kuyajaza yote kila maji yakitoka, la nyuma likakaa miezi miwili bila kuguswa. Ukilitazama hilo la nyuma ndipo utakapojua mbu wako wanatoka wapi.

Mfuniko nao uwe mfuniko. Bati lililopinda, ubao wenye ufa au kanga iliyotandikwa juu haviwezi kumzuia. Kanga ikilegea katikati inakusanya maji na kuwa chombo kingine. Kama mfuniko haubani, tandika kipande cha chandarua kisicho na matundu, kivute kikaze, ukifunge kwa mpira wa tyubu ya ndani ya tairi. Kwenye tangi la juu kagua bomba la kupumulia na lile la kufurikia, uyafunge kwa wavu. Mafundi wengi huyaacha wazi, na humo ndimo mbu anamopita bila wewe kumwona.

Halafu yapo maji yasiyoliliwa na mtu: trei iliyo nyuma ya friji, choo cha wageni kisichotumika (kipigie maji kila wiki), chombo cha kuwekea maua, gata lililoziba majani, bakuli la kuku, na vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta wa ua kuzuia wezi. Hivi vya mwisho husahaulika kabisa, na vitako vya chupa hushika maji vizuri sana. Vijaze mchanga na sementi.

Birika la saruji au kisima ambacho huwezi kukimaliza kina dawa mbili. Ya kwanza ni samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Wazee wa Lamu waliijua hii zamani. Birika za kuogea katika nyumba za mawe zilifugwa visamaki, na chini palitiwa bakuli la kaure ili maji yakipungua wawe na pa kujihifadhi. Ya pili ni viuadudu vya kibayolojia, vyenye bakteria wanaoua viluwiluwi. Tanzania inavitengeneza yenyewe Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Kwa maji ya kunywa usitie chochote bila maelekezo ya afisa afya, maana kipimo ndicho kila kitu.

Nje ya ukuta wako

Aedes ni mvivu wa safari. Wengi wao hawaendi zaidi ya mita mia mbili kutoka walikozaliwa. Maana yake ni kwamba mbu aliyekuuma leo amezaliwa kwako au kwa jirani, wala hakutoka bwawa la mbali. Ukisafisha peke yako katika mtaa mchafu utapunguza, hutamaliza. Mkifanya nyumba kumi siku moja, mtaona tofauti.

Gereji na mafundi wa matairi ndio wa kwanza kutembelewa, na waendewe kwa heshima, kwani tairi kuukuu ni mali yao. Tairi lina kivuli, lina joto, na ukiligeuza vyovyote utakavyo maji hubaki. Yanayouzwa yawekwe chini ya paa au turubai lililokazwa lisilotuamisha maji. Yanayotumika uwanja wa michezo au kama kingo za bustani yatobolewe chini au yajazwe udongo. Yasiyo na kazi yaondoke. Ukimpa mwenye gereji turubai, au ukimsaidia kupata usafiri wa kuyaondoa, utafanikiwa kuliko kumtishia faini.

Wafuatao ni wauza madafu na wakuna nazi, ambao maganda na vifuu vyao hulundikwa nyuma ya kibanda. Vifuu vigeuzwe kifudifudi au vichomwe kuwa mkaa. Kisha nyumba zinazojengwa, zenye mapipa ya maji ya kuchanganyia saruji na shimo la lifti lililojaa. Shule nazo zikumbukwe, maana mtoto yuko darasani saa zilezile mbu huyu anapouma, na ndoo za kunawia mikono zinabaki zimejaa wikiendi nzima. Msikitini na kanisani yakaguliwe matangi na mapipa. Imamu au padri akisema neno moja baada ya ibada, mtaa mzima unasikia.

Mkitaka kujua kama mnaendelea mbele, hesabuni. Mkikagua nyumba 40 na kukuta viluwiluwi katika 6, kiwango chenu ni asilimia 15. Andikeni, na mwezi ujao rudieni nyumba zilezile. Hesabu hii ndiyo wataalamu wa mbu wanayoitumia dunia nzima, na haihitaji maabara. Andikeni pia ni vyombo gani, kwa sababu kila mtaa una chake: kwa mmoja asilimia kubwa ni majaba, kwa mwingine ni matairi. Tanzania mpeni nakala mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata; Kenya mpeni mhudumu wa afya ya jamii na ofisi ya afya ya kaunti.

Mwilini

Hapa sitakaa sana. Mbu huyu huuma zaidi saa chache baada ya jua kuchomoza na tena alasiri hadi magharibi. Vaa nguo za mikono mirefu nyakati hizo ukiweza, weka wavu madirishani, paka dawa yenye DEET kwenye ngozi iliyo wazi, isipokuwa mtoto aliye chini ya miezi miwili. Mtoto mchanga na mzee wanaolala mchana walale ndani ya chandarua. Dawa ya kuchoma ya mviringo inafukuza kwa muda tu, na moshi wake katika chumba kilichofungwa unaumiza mapafu. Usiku endelea na chandarua chako kama kawaida, malaria haijaondoka.

Homa ikiingia nyumbani

Dengi huanza ghafla: homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mwili mzima kuuma, wakati mwingine vipele. Chikungunya huja na viungo vilivyovimba na kuuma kiasi cha mtu kushindwa kushika kikombe, na maumivu hayo yanaweza kubaki miezi. Kwa macho pekee huwezi kuyatenganisha na malaria, na malaria isiyotibiwa huua haraka. Kwa hiyo pima malaria kwanza, siku ileile.

Kipimo kikisema hakuna malaria, amini kipimo. Hapa ndipo tunapoharibu. Mtu anaambiwa hana malaria, anapita duka la dawa ananunua dawa mseto ya malaria "kwa usalama", na siku tatu muhimu zinapotea. Muulize mganga wako waziwazi: je, yaweza kuwa dengi? Katika siku tano za kwanza kipo kipimo kinachotafuta protini ya kirusi chenyewe, NS1. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili. Hata kama kituo hakina kipimo, mgonjwa wa homa isiyo malaria wakati wa mlipuko atunzwe kama mgonjwa wa dengi mpaka ithibitike vinginevyo.

Dawa ya kuua kirusi cha dengi haipo. Homa ishushwe kwa parasetamoli tu, na mtu mzima asizidishe vidonge nane vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni mwiko, iwe kidonge au sindano, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Ukienda duka la dawa na maumivu ya viungo, diklofenaki ndiyo ya kwanza utakayopewa mkononi; irudishe. Kama daktari alikuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, muulize yeye kabla ya kuacha. Kunywa sana: maji ya chumvichumvi na sukari ya paketi, dafu, uji mwepesi, supu. Majani ya mpapai, ambayo hutafutwa sana kila mlipuko unapotokea, hayajathibitika kuwa tiba, na yasikucheleweshe kwenda hospitali.

Sasa shika hili, kwani ndilo linaloua. Hatari ya dengi haiko homa inapopanda, iko inaposhuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hutulia, ndugu wanashukuru, mgonjwa anaachwa alale. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo ambazo mishipa ya damu inaweza kuanza kuvujisha majimaji. Ukiona tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi au pua zinatoka damu, anatapika damu au choo ni cheusi, anapumua haraka, ngozi imepoa na ina jasho, hapati mkojo kwa saa sita, au amekuwa mlegevu na asiyetulia, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Akiwahi kuwekewa maji ya mishipa kwa kipimo sahihi, huokoka. Penye huduma nzuri, vifo havifiki asilimia moja. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mwenye kisukari, na yeyote aliyewahi kuugua dengi, hao wasisubiri dalili za hatari ndipo waonwe. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na kuugua aina ya pili baada ya ya kwanza kunaweza kuwa kukali zaidi.

Na mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana na usiku kwa wiki ya kwanza. Si kwa ajili yake tu. Damu yake katika siku hizo imejaa virusi. Mbu akimuuma leo, baada ya siku nane hadi kumi na mbili atakuwa anaweza kuwaambukiza wengine maisha yake yote. Chandarua kimoja juu ya mgonjwa mmoja, kikiwekwa mapema, kinaweza kuokoa ua mzima.

Gari la kupuliza dawa, na chanjo

Mlipuko ukitangazwa, watu hudai gari la dawa, na viongozi hulipenda kwa sababu linaonekana na linapiga kelele. Lina nafasi yake, ila ni ndogo. Moshi ule huua mbu wanaoruka wakati ule tu. Aedes hujificha ndani, nyuma ya nguo zilizotundikwa na chini ya kitanda, na viluwiluwi vilivyo pipani haviguswi. Wiki ijayo kizazi kipya kiko hewani. Mbu wa sehemu nyingi pia wamekuwa sugu kwa dawa hizi. Kupuliza kuna maana kukifanyika kuzunguka nyumba za wagonjwa waliothibitishwa, ndani na nje, siku ileile watu wanapofunua na kusugua vyombo. Gari likifika, funika chakula na maji, toa watu na mifugo, fungua milango na madirisha ili dawa iingie.

Homa ya manjano ina chanjo nzuri, dozi moja ya maisha. Chanjo ya dengi ya Qdenga ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 kwa watoto wa maeneo yenye maambukizi makubwa, lakini haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu. Mjini Yogyakarta, Indonesia, waliachia mbu wenye bakteria wa Wolbachia, wanaozuia virusi kukua ndani ya mbu, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha dengi imepungua kwa asilimia 77. Ni habari njema, ila bado ni mbali na pipa lako.

Mfugaji, kwako neno fupi juu ya ugonjwa mwingine wa mbu, usiotokana na vyombo vya nyumbani. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931 na kuua watu Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, hufuata mvua kubwa na mafuriko, na mbu wake ni wa mabondeni. Kinga yake huanzia kwa ng'ombe na mbuzi: chanja kabla ya mvua, usichinje mnyama aliyetupa mimba wala kushika mzoga mikono mitupu, chemsha maziwa. Mganga wa mifugo na mganga wa watu wasipozungumza, binadamu ndiye anayegeuzwa kipimo cha ugonjwa.

Kinachodaiwa kwa wenye mamlaka

Yote niliyoyaeleza juu ya kusugua ni kazi yako na yangu. Lakini hakuna aliyeweka majaba manne uani kwa kupenda. Ameyaweka kwa sababu bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki, na hajui ni siku zipi. Kumwambia mtu huyo afunike pipa bila kumwambia mamlaka ya maji itengeneze mgao wenye ratiba ni kumtwika mzigo wote mgongoni. Mamlaka ya maji ni idara ya afya kwa mlango mwingine, na ya taka ni vivyo hivyo. Tairi na kopo visipozolewa, afisa afya atafukuzana na mbu mpaka astaafu.

Kazi hii pia haina likizo. Mwaka 1958 Brazili ilitangazwa kuwa imemmaliza Aedes aegypti nchi nzima, baada ya miaka ya kukagua nyumba moja baada ya nyingine. Kisha ukaguzi ukalegea, mbu akarudi kutoka nchi jirani, na leo Brazili ni miongoni mwa nchi zinazoumizwa zaidi na dengi duniani. Bajeti inayokuja wagonjwa wakishajaa wodini imechelewa. Ukaguzi uwe wa kila mwezi, wagonjwa wa homa isiyo malaria wahesabiwe kila wiki kituoni, na vipimo vya dengi vifike zahanati, visiishie hospitali ya rufaa.

Kwa hiyo nenda kwenye mkutano ujao wa mtaa au baraza la chifu ukiwa na hesabu yenu ya nyumba zenye viluwiluwi mkononi, na uulize maswali mawili: maji yatatoka siku gani, na matairi yataondolewa lini? Usikubali kuketi mpaka yajibiwe kwa tarehe.